Albamu ya Wafaransa wawili na sauti ya baba yangu sokoni

WAHENGA walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakutuambia anayecheza ugenini hutunzwa na nani, hasa yule ambaye sauti yake imesafiri na kumwacha mwenyewe nyuma. Swali hilo ninalo tangu siku moja ya mwaka 2010, nilipoingia katika kibanda cha video hapa Nyanza-Lac kuwatafuta wanafunzi wangu watoro.

Wakati huo tulikuwa tumerudi Burundi mwaka mmoja tu. Mimi nilizaliwa katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, Tanzania, kwa wazazi waliokimbia mwaka 1972. Nilisoma kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza hadi chuo cha ualimu, na nilipofika hapa nikapangiwa kufundisha Kiswahili na Kiingereza. Kifaransa sikukijua. Katika chumba cha walimu wenzangu walipocheka mimi nilisubiri anitafsirie mtu, nami nicheke mwisho kama mtoto.

Kibanda kile kilikuwa cha turubai na mabenchi, jenereta likinguruma nje. Kiingilio kilikuwa faranga 100. Mwenye kibanda alikuwa kijana aliyekulia Kigoma, na kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu za Kihindi na Kichina kwa kipaza sauti, mstari mmoja Kiswahili, mstari mwingine Kirundi, ili watoto wa waliorudi na watoto wa waliobaki wacheke pamoja.

Siku hiyo alikuwa taabani. Alikuwa ameletewa diski ya katuni ambayo haikuwa na neno hata moja. Ilikuwa muziki mwanzo hadi mwisho. Watu wa rangi ya buluu walikuwa wanapiga muziki katika sayari yao, umati unacheza, mara wakatokea askari wenye vinyago, wakapuliza moshi wa usingizi na kuwabeba wanamuziki wanne hadi duniani kwetu. Huko wakapakwa rangi wafanane na watu, wakaondolewa kumbukumbu zao na kuwekewa nyingine, wakavishwa miwani, wakaimbishwa kwa faida ya tajiri mmoja.

Yule kijana alinyamaza kama dakika tano, kisha akashika kipaza sauti, akasema: "Jamani, hawa ni wakimbizi kama sisi. Tofauti ni kwamba wao hawakukimbia, walibebwa."

Kibanda kizima kikacheka. Kisha kikanyamaza. Sikuwatoa wanafunzi wangu. Nilivuta benchi nikakaa.

Wawili hao ni akina nani?

Filamu ile inaitwa Interstella 5555, nayo ilitoka mwaka 2003. Ilichorwa Japani chini ya usimamizi wa Leiji Matsumoto, bingwa wa katuni za anga aliyefariki mwaka 2023. Lakini muziki wake ulikuwa umetangulia miaka miwili. Ulikuwa ni albamu nzima, Discovery, ya mwaka 2001, kazi ya Wafaransa wawili waliojiita Daft Punk.

Wawili hao ni Thomas Bangalter na Guy-Manuel de Homem-Christo. Walikutana shuleni Paris mwaka 1987, wakiwa wavulana wa miaka kumi na kitu. Bendi yao ya kwanza ilikuwa ya magita, na gazeti moja la Uingereza liliiponda kwa maneno ya dharau, kwamba ni kelele za kipumbavu. Badala ya kulia, walilichukua tusi lile wakalifanya jina. Sisi tulioitwa majina kila tulipokanyaga, kule tukiitwa wakimbizi na huku tukiitwa Watanzania, tunaijua mbinu hiyo.

Baadaye waliacha magita wakaingia katika muziki wa mashine, ule wa dansi unaoitwa house, ambao asili yake ni vijana weusi wa Chicago huko Marekani. Albamu yao ya kwanza, Homework, ilitoka mwaka 1997. Ndani yake kuna wimbo uitwao Teachers, yaani walimu, ambao kwa sehemu kubwa ni orodha tu ya majina ya watu waliojifunza kwao. Naomba msomaji aushike wimbo huo, tutaurudia.

Kufikia Discovery walikuwa wameficha nyuso zao kwa kofia za chuma, wakajifanya roboti. Walitunga na kisa chake, wakadai kwamba tarehe 9 Septemba 1999 mashine yao ililipuka studioni, na walipozinduka hawakuwa watu tena. Walidumu hivyo hadi Februari 2021 walipotangaza kuachana. Wakati huo walikuwa wamekwisha kupata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka, mwaka 2014, kwa kazi nyingine ya 2013.

Kanga ya vipande vingi

Mimi si mtaalamu wa muziki. Nyumbani kwetu Ulyankulu tulisikiliza dansi la Tabora na Dar es Salaam, rumba ya Kongo, kwaya, na ikembe ya baba, ambayo nitaizungumzia. Lakini wimbo wa kwanza wa albamu hii, One More Time, niliusikia mwaka 2001 nikiwa chuoni, katika duka la kaseti mjini Tabora. Nilidhani ni redio imeharibika. Tarumbeta zilikuwa zinasikika kama zinatoka chini ya maji, na mwimbaji alikuwa anaimba kwa sauti ya mtu aliyemeza chuma. Katikati ya wimbo ngoma ilikatika kabisa, ikabaki sauti ile peke yake kwa muda mrefu, hata mwenye duka akanyanyua kichwa kutazama kama umeme umekwenda.

Sasa nimeisikiliza albamu nzima mara nyingi. Ina nyimbo 14 na hakuna mbili zinazokaa nyumba moja. Wimbo wa pili, Aerodynamic, unaanza kwa kengele, kisha linaingia gita kali la rock. Digital Love ni wa mapenzi, mtamu kama nyimbo za redio za zamani. Harder, Better, Faster, Stronger umeimbwa na mashine kuhusu kazi isiyokwisha, na ukiwapigia wabeba mizigo wa bandarini watakuambia ni wa kwao. Something About Us ni wa polepole, wa kuchezea harusini usiku wazee wakishalala. Veridis Quo una kinanda cha kanisani. Wa mwisho, Too Long, unakwenda dakika kumi.

Wenyewe walieleza kwamba walitaka kurudi kwenye muziki waliousikia utotoni, kabla hawajafundishwa kipi kizuri na kipi cha kuonea aibu. Ikumbukwe kwamba baba yake Thomas, Daniel Vangarde, alikuwa mtunzi wa nyimbo za disko za miaka ya 1970. Kwa hiyo mtoto wa mwanamuziki alikuwa anachimba sanduku la baba yake.

Na walichimba kweli kweli. Njia yao ni hii: unachukua sahani ya zamani ya mtu, unakata kipande cha sekunde chache, unakigeuza, unakipanga upya, unakirudia mpaka kinakuwa kitu kingine. Fundi cherehani anajua. Anaokota vipande vya kanga kumi anashona shuka moja, na shuka hilo linaweza kuwa zuri kuliko kanga zote kumi. Lakini kila kipande kilikuwa kanga ya mtu.

Digital Love umetokana na wimbo wa George Duke wa mwaka 1979. Harder, Better, Faster, Stronger umetokana na wimbo wa Edwin Birdsong wa mwaka huo huo. Wote wawili walikuwa Wamarekani weusi, na wote wawili majina yao yaliandikwa. Faida ya kuandikwa ilionekana mwaka 2007, Kanye West alipouchukua wimbo wa roboti na kutengeneza Stronger uliovuma dunia nzima. Jina la Birdsong likaandikwa tena miongoni mwa watunzi, miaka 28 baada ya kazi yake ya asili. Mzee huyo alifariki mwaka 2019.

Mtu wa Liberia

Sasa turudi kwenye zile tarumbeta za One More Time.

Mwaka 2021, miezi michache tu baada ya Daft Punk kuachana, gazeti la Los Angeles Times liliandika habari za mzee aitwaye Eddie Johns. Alizaliwa Liberia. Katika miaka ya 1970 alikwenda Ufaransa kutafuta maisha kwa sauti yake, na mwaka 1979 akatoa wimbo uitwao More Spell on You. Haukuvuma. Baadaye akahamia Marekani, akafanya kazi za kawaida, akapata kiharusi, na kwa zaidi ya miaka kumi akaishi bila makao katika jiji la Los Angeles.

Tarumbeta zile zilikatwa kutoka kwenye wimbo wake. Kwa miaka ishirini watu wa kila bara walizicheza, kwenye harusi, kwenye viwanja vya mpira, kwenye maduka ya kaseti ya Tabora, na mwenyewe hakupata hata senti. Kwa mujibu wa gazeti hilo, malipo yalikuwa yanatolewa, ila yalikuwa yanafikia kampuni ya Ufaransa iliyomiliki haki za wimbo, na mwenye kampuni alisema hakumjua alipo mwimbaji huyo. Baada ya kupatikana aliahidi kumfanyia hesabu.

Nilipoisoma habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu. Sikuona mwizi wa wazi ndani yake. Waliokata walilipa, aliyelipwa alikuwa na karatasi, na mwenye sauti alikuwa amehama. Kuhama ndiko kulikomponza. Ukihama mara tatu, hakuna anayejua akutafute wapi, na haki yako inakaa kwa mtu mwingine akiitunza kwa moyo mweupe, akiitumia.

Wengi wetu tulioikuta ardhi yetu ina watu tunaijua habari hiyo. Familia tuliyoikuta katika shamba la babu hapa Nyanza-Lac haikuwa familia ya wezi. Walipewa, wakalima, wakazika watoto wao pale. Mwishowe tuligawana nusu kwa nusu, tukapanda mstari wa miti katikati. Mzee wa upande wa pili huniita "mwanangu", nami humpa shikamoo. Lakini ilichukua miaka mitatu, na ilianza siku alipokubali kutamka mbele za watu kwamba shamba lile kwanza lilikuwa la nani. Baada ya jina kutamkwa, mengine yaliwezekana.

Na hapo ndipo nilipoukumbuka wimbo wa Teachers. Wawili wale walijua thamani ya kutaja jina. Mwaka 1997 walitaja majina ya walimu wao mmoja mmoja, kama mwalimu anavyoita daftari la mahudhurio. Lakini Eddie Johns hakuwa kwenye daftari lolote.

Kikohozi cha baba

Sasa nieleze kwa nini jambo hili halinipi usingizi.

Baba yangu alikuwa mpigaji ikembe. Alitoka nayo Burundi mwaka 1972 ikiwa imefungwa kwenye shuka, na Ulyankulu alikuwa akiitwa kwenye kila harusi na kila matanga. Katika harusi moja ya miaka ya 1980 mtu mmoja alimrekodi kwa redio kaseti. Kaseti hiyo sisi watoto hatukuipata kamwe. Baba alifariki mwaka 1998 na kuzikwa huko huko. Tuliporudi mwaka 2009 tulimwacha.

Mwaka 2016 nilivuka mpaka wa Mugina kwenda Manyovu, upande wa Tanzania, kununua mchele na madaftari. Wafanyabiashara wanaonisoma wanapajua. Kuna vibanda vya vijana wenye kompyuta na spika, wanakujazia nyimbo kwenye memori kadi kwa bei nafuu. Nikiwa naulizia bei ya mchele, nikasikia ikembe.

Nyimbo za ikembe ni nyingi, na sikugeuka. Kisha, kabla ya ubeti wa pili, mpigaji akakohoa.

Niliacha mchele pale pale. Kikohozi kile nililala nacho chumba kimoja miaka kumi na minane.

"Kijana," nilimwambia, "huyu anayepiga ni nani?"

"Shikamoo mama. Simjui. Hizi ni za wakongwe, wazee wanaorudi wanazipenda sana."

"Marahaba. Huyo ni baba yangu."

Alipunguza sauti ya spika, akasimama. Kwenye kioo cha kompyuta wimbo ulikuwa umeandikwa "Ikembe ya zamani 7". Nikamuuliza aliupata wapi. Alisema kwa mtu wa Kasulu, naye aliupata kwa mtu wa Tabora, na huyo wa Tabora simu yake haipatikani tena. Kisha, kwa heshima kabisa, akaniambia, "Basi mama, pole. Lete kadi yako, wewe nitakuwekea bure."

Sikujua nicheke au nilie. Alikuwa ananipa sauti ya baba yangu kama zawadi. Niliipokea, kwa sababu sikuwa nayo.

Niseme ukweli ili nisionekane mtakatifu. Kwenye kadi hiyo hiyo niliyompa tayari kulikuwa na Discovery yote, nyimbo 14, niliyojaziwa katika kibanda kingine kwa fedha kidogo, na katika fedha hiyo Daft Punk hawakuona kitu, wala Birdsong, wala mtu wa Liberia. Kwa hiyo pale kibandani tulikuwa watu wawili tuliokula jasho la wengine, mmoja kijana na mmoja mwalimu wake.

Sikumdai fedha. Nilimwomba jambo moja tu, afute "Ikembe ya zamani 7" aandike jina la baba, na chini yake neno Ulyankulu. Alikubali. Aliandika akakosea herufi mbili, nami, kwa mazoea ya kazi yangu, nikamsahihisha.

Kwa wenye vibanda na wenye nyimbo

Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, iliyozaa chombo cha COSOTA, na sisi Burundi tuna sheria yetu ya mwaka 2005. Wasanii wanaojiandikisha wana mahali pa kuanzia madai yao, na nawashauri vijana wanaoimba wafanye hivyo kabla wimbo haujavuma, kwa sababu ukishavuma kila mtu ana nakala na hakuna mwenye ushahidi. Andika jina lako kamili, la mtunzi na la mpigaji, andika na tarehe, weka nakala kwa mtu unayemwamini. Ukihama, acha habari uendako.

Lakini najua sheria haifiki kila mahali. Haitamfikia aliyerekodiwa harusini miaka arobaini iliyopita katika nchi nyingine, akafa mkimbizi. Wa namna hiyo ni wengi. Wenzetu zaidi ya 160,000 waliotoka Burundi mwaka 1972 na watoto wao walichagua uraia wa Tanzania, na ngoma zao ziko huko, kwenye kaseti zinazooza na kwenye simu za wajukuu. Kila mara mfanyabiashara anapovuka na kadi mfukoni, anavusha na watu hao bila kujua.

Kwa hiyo ombi langu kwa mwenye kibanda ni dogo. Kabla ya kuandika "ya zamani", uliza. Anayenunua nyimbo za wazee mara nyingi anawajua wazee wenyewe. Mwulize ni nani, anatoka wapi, kisha andika. Haikugharimu kitu, na siku mtoto wake atakapopita, utakuwa umemrudishia mtu wake.

Katika ile katuni, wanamuziki wanne hatimaye wanazipata kumbukumbu zao na kurudi katika sayari yao. Lakini rubani mmoja wa kwao, aliyewafuata na kuwakomboa, anafia duniani, nao wanamzika chini ya mti, ugenini. Siku ile kibandani mtafsiri alifika hapo akakosa la kusema. Mtoto mmoja wa darasa langu ndiye aliyesema, kwa Kiswahili cha Ulyankulu: "Huyo kabaki kama babu."

Wanafunzi wale sasa ni watu wazima, baadhi yao wanafanya biashara ya dagaa na mawese kati ya hapa na Kigoma. Mwaka jana mmoja wao alinipigia simu kutoka soko la Kasulu. Alikuwa amepita kwenye kibanda asichokijua, kwa kijana asiyemjua, akasikia ikembe na kutazama kwenye kioo. Akanisomea jina la baba yangu, herufi kwa herufi, lilivyoandikwa.

Halikuwa na kosa.